Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni: ramani yangu haijagawa ziwa, tufungulie ukumbi

Mheshimiwa Afisa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani maana ofisini kila nikija naambiwa uko kikaoni na simu yangu hupokei. Jumamosi vijana wako wamekuja wakachomoa waya za projekta, wakazoa mchanga wote wakaumwaga nje, kompyuta wakaondoka nayo, eti kuna mtu kalalamika kwamba nawapa Wamalawi ziwa letu. Mheshimiwa, si uliiona hiyo ramani yangu ya mchanga kwa macho yako kabla hatujafungua? Ukasema kazi nzuri, wanafunzi waje wajifunze, ukumbi ni wenu mpaka mwisho wa mwezi. Ulisema mbele za watu.

Kwa ambao hawakuiona, ni mchanga wa ufukwe wa Matema umetandazwa mezani, juu kuna kamera inapima kimo chake na projekta inamulika ramani ya Ziwa Nyasa. Ukichota mchanga maji ya bluu yanajaa pale ulipochota na mstari mwekundu unayafuata hapohapo. Mwekundu ni wa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, waliopitisha mpaka ufukweni kwetu, na ndio Malawi wanaoushikilia. Wa njano unakata katikati ya ziwa, ndio msimamo wa Tanzania, na huo hata uchote vipi hautikisiki! Yaani kazi nzima inaonyesha kwamba mpaka wa ufukweni unahama na maji, na maji ya ziwa hili yanapanda na kushuka kweli, kufikia 1915 yalikuwa yameshuka mpaka yakaacha kutoka kwenda mto Shire kwa miaka. Mto Songwe wa mpakani nao ukibadili njia shamba la mtu linabaki ng'ambo. Mtoto mmoja alisukuma mchanga mstari ukapita juu ya nyumba, akauliza hawa sasa wanachota maji ya nani. Mimi nimekulia ufukweni kule, hilo swali linaniuma.

Nahisi aliyelalamika aliona ule mwekundu tu akapiga simu. Projekta ni ya kuazima, mwenyewe ananidai kila siku, na hiyo kompyuta ndiyo inayonilisha, kazi za wateja zote zimo humo na zimesimama.

Sidai fidia wala kuombwa radhi. Fungua ukumbi mheshimiwa, uje na huyo mlalamikaji achote mchanga kwa mkono wake. Na kama ukumbi umeshindikana kabisa, basi nirudishiwe kompyuta. Kompyuta tu, naomba.