Risala ya Kamati ya Uwakili kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Mavuno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Mchungaji Kiongozi wa usharika. Wainjilisti, wazee wa kanisa, wanakwaya, viongozi wa kijiji na washarika wote: Bwana Yesu asifiwe!

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, maana barabara ya kupandia huku mwenyewe umeiona. Karibu sana. Ujio wako ni heshima kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huku Njombe mahindi hayana haraka. Tunapanda Novemba, tunavuna Julai, na katikati hapo ni palizi, mbolea na maombi. Ndiyo maana siku ya mavuno kwetu ni kubwa. Lakini sisi wa Kamati ya Uwakili, tunaofundisha washarika juu ya utoaji, tumekubaliana kwamba risala hii isiwe ya sifa tupu. Msimu uliopita lilifika madhabahuni gunia ambalo juu lilikuwa na punje safi, nyeupe. Lilipofunguliwa mnadani, chini yalikuwa mahindi yaliyoliwa na dumuzi, yule mdudu wa ghalani, vumbi likatimka mpaka mnunuzi akapiga chafya. Watu walicheka. Hatulitaji lilikotoka, na kwa kweli lingeweza kutoka ghalani kwa yeyote kati yetu. Mahindi mazuri yalishapanda lori la mlanguzi. Mungu akapata yaliyobaki.

Nabii Malaki aliliona jambo hilo zamani. Katika sura ya kwanza anawauliza wanaoleta wanyama vipofu na vilema: hebu mpelekee liwali wako, yaani mtawala wako, mnyama wa namna hiyo, je, atakuwa radhi nawe? Mheshimiwa, leo liwali wetu ni wewe. Kiti ulichokalia kimeazimwa nyumba ya tatu kutoka hapa kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote, na jogoo utakayekabidhiwa amechaguliwa na akina mama tangu juzi. Hakuna aliyethubutu kupendekeza mwenye kuchechemea. Kama mgeni wa siku moja tunamtafutia kilicho bora, aliyetupa mvua tunampaje makombo?

Kamati inafundisha neno moja tu: kwanza. Mithali 3:9 inasema Bwana aheshimiwe kwa malimbuko, yaani mazao ya kwanza, na limbuko hutengwa kabla hujajua mavuno yote yatakuwa mangapi. Hapo ndipo penye imani. Anayesubiri apige hesabu ya ada, mbolea na harusi ya mpwa ndipo aone kinachobaki, mara nyingi hakioni. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akiokota kuni apike chakula cha mwisho yeye na mwanawe. Eliya akamwambia amfanyie yeye mkate mdogo kwanza. Ukilisoma ukiwa umeshiba, agizo hilo linaonekana la kikatili. Akina mama wa mtaa huu, ambao wengi wanajua debe la mwisho linavyolia likikwanguliwa, wanalisoma vingine: wanasema yule mama alitoa wakati bado ana kitu mkononi, hakungoja pipa lijae.

Hata hivyo tunasema wazi kwamba hatufundishi watu kutoa ili warudishiwe maradufu. Hiyo ni biashara, na Mungu si mteja wetu. Paulo aliwasifu makanisa ya Makedonia kwa ukarimu uliotoka katika umaskini mkuu, wala hasemi walitajirika baadaye. Pia mnada wetu tunaupenda, kuku ananunuliwa, anarudishwa mbele, anauzwa tena na tena huku kwaya ikishangilia. Ila tumewakumbusha vijana kwamba bibi aliyeleta mayai matatu kwenye kitambaa asipitwe kimyakimya kwa sababu hana wa kumpigia vigelegele.

Yanayopatikana leo yatagawanywa kama kikao cha washarika kilivyoamua: sehemu ya usharika, sehemu ya wajane na wagonjwa wetu, na inayobaki bati za nyumba ya mwinjilisti, ambayo kwa sasa mvua inaijua vizuri kuliko yeye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, mbolea ya ruzuku itufikie kabla ya kupanda. La pili, tunaomba maofisa ugani waje mara baada ya mavuno, siyo wakati wa kupanda tu, watufundishe kukausha na kuhifadhi mahindi, pamoja na matumizi ya mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Uchoyo tutaushughulikia wenyewe kwa Neno la Mungu. Dumuzi tunaomba utusaidie.

Baada ya risala hii tunakukaribisha ufungue mnada. Tumekuandalia gunia la kuanzia. Limeshafunguliwa, unaweza kuingiza mkono hadi chini.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Uwakili