Tusiwafundishe watoto sataranji kwa kuhesabu askari tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na walimu wa vilabu vya sataranji mashuleni. Mtoto anapoanza tunamwambia askari ni pointi moja, farasi na askofu tatu, ngome tano, malkia tisa. Kwa kuanzia inafaa. Lakini hesabu hiyo tunaiacha igeuke sheria, na mtoto akibakiwa na ngome na askari wachache anamaliza hatua zake zote akimlinda kila askari, ngome yake imekaa kama mlinzi wa geti.

Dawa ninayoipendekeza ni mchezo wa José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia wakati ule, dhidi ya Savielly Tartakower, New York, Machi 1924. Pangeni ubao hivi (herufi a hadi h ni safu za wima, namba 1 hadi 8 ni mistari ya mlalo kuanzia upande wa weupe). Weupe wa Capablanca: mfalme f3, ngome h7, askari a4, c3, d4, f4 na g5. Weusi: mfalme f8, ngome c6, askari a7, b6, c7, d5 na f5. Ni hatua ya 35, zamu ya weupe. Askari ni watano kwa watano.

Ngome ile haikufika h7 kwa bahati. Capablanca alisukuma askari wa h hadi h5, akabadilishana naye kwenye g6, safu ikafunguka, kisha ngome ikaingia kwa h1 na h7. Tangu hapo mfalme mweusi amebanwa kwenye mstari wa mwisho. Muda mfupi baadaye akatoa askofu wake kwa farasi pekee aliyekuwa akiwasumbua weupe.

Sasa waulizeni wanafunzi: askari wa c3 anashambuliwa na ngome ya c6, mtafanya nini? Wengi watairudisha ngome h3. Hapo wanakosea mara mbili. Kwanza wanaiacha h7, na mfalme mweusi anapumua. Pili, ulinzi wenyewe haupo, kwa sababu mfalme wao aliye f3 anauziba mstari wa tatu. Ngome nyeusi inakula c3 vilevile, tena kwa cheki, yaani ikimshambulia mfalme.

Capablanca alicheza mfalme g3. Weusi wakala c3 kwa cheki, mfalme akaenda h4. Ngome nyeusi ikaja f3, ikimlenga f4. Hapa ndipo pa kusimama na darasa. Mfalme anaitaka f6, lakini njia yake ni g5, na g5 pamekaliwa na askari wake mwenyewe. Kwa hiyo hatua ya 37 askari anasogea g6. Weusi wanakula f4 kwa cheki, mfalme anaingia g5, na kwa kuingia tu anaishambulia ngome iliyo f4. Haina budi kukimbia, ilikwenda e4.

Weupe sasa wamepungukiwa askari wawili, na f5 yuko mdomoni. Karibu kila mwanafunzi atamla. Capablanca alimwacha, akaenda f6. Askari mweusi wa f5 amegeuka ngao: yeye ndiye anayeizuia ngome nyeusi isimcheki mfalme mweupe kutoka nyuma kwenye safu ya f. Na tishio ni ngome h8, chekimeti papo hapo, mfalme hana tena pa kukimbilia. Weusi wakipata tamaa ya kula d4 kuwa wa tatu, mchezo umekwisha.

Mfalme mweusi alikimbilia g8. Ngome nyeupe ikacheki g7, mfalme akaenda h8, kisha ikala c7, na ngome nyeusi ikalazimika kurudi e8 kuzuia chekimeti kwenye mstari wa nane. Ni baada ya hapo tu, hatua ya 42, ndipo f5 alipoliwa. Hatua iliyofuata, mfalme mweupe akiwa amerudi f6, weusi wakapata cheki yao ya f4, lakini imechelewa: mfalme akasogea e5, askari akafika g7, na kufikia hatua ya 47 a7 na d5 nao wamekwenda. Weusi waliokuwa na askari watano wamebakiwa na mmoja, yule wa b6. Tartakower alijisalimisha baada ya hatua ya 52.

Somo hili lisifundishwe kwa kusimulia tu. Funikeni hatua zinazofuata, kila mwanafunzi aandike hatua yake na tishio analoliona, ndipo ifunuliwe ya Capablanca. Kisha wacheze kutoka hatua ya 35 wawili wawili, wabadilishane rangi. Anayecheza weusi ajitahidi kweli kupata sare. Ni yeye atakayegundua jinsi ngome isiyo na pa kucheki isivyo na kazi, hata ikiwa na askari wawili zaidi.

Nawe Mhariri, kwenye ukurasa wenu wa chemshabongo, ikiwezekana chapisheni hali ya mwisho wa mchezo mara moja kwa wiki, yenye ngome na askari, badala ya chekimeti za hatua mbili peke yake. Huu wa 1924 uwe wa kwanza.

Mpenzi wa sataranji,
Tanga