Salma, kuhusu talaka na zamu za mtoto

Salma shoga yangu,

Assalaam aleikum. Nimeisikiza mara mbili voisi yako ya kuwa mumeo amekupa talaka, nikaona bora nikae nikuandikie, kwa simu tutalia tu na ya maana hayatasemeka. Pole sana mwenzangu.

Kwanza hiyo talaka. Kama amekupa moja basi eda yako, huo muda wa kungoja, ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi, na humo ndani aweza kukurejea bila ndoa mpya, na kukulisha bado ni juu yake, usikubali kuambiwa rudi kwenu ukajitafutie. Nenda kwa Kadhi hapo Malindi iandikwe upate cheti. Mimi niliona maneno ya wazee yatosha, baadaye baba Nuru, huyo aliyekuwa mume wangu, akaja na tarehe nyingine ya talaka kabisa.

La mtoto ndilo laniuma zaidi. Watu watakwambia akifika miaka saba ni wa baba, kwisha, hata mimi shangazi aliniambia hivo hapa Langoni, Lamu, nikakosa usingizi siku ngapi. Sivyo. Kwetu Mashafii, sisi wa madhehebu ya Shafii, akishafika umri wa kupambanua, hiyo saba ama karibu yake, mtoto huulizwa ataka kukaa na nani. Na kotini wanatizama maslahi ya mtoto kabla ya chochote, katiba ya Kenya ibara ya 53 yasema hivo, na yasema pia baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2001 ilishaondolewa, sasa tuna ya 2022, na nyinyi wawili mwaweza kuandikiana makubaliano ya malezi mkayapeleka kotini yakawa amri.

Sasa Salma kwenye kuandika ndio uwe mkali. Yetu ya kwanza ilisema "likizo kwa baba" basi. Likizo ipi, ya Aprili, Agosti ama Disemba? Nani amsafirishe? Siku moja tulivuka na boti mpaka Mokowe huko bara, mwanangu Nuru ana miaka sita, kavaa viatu vyake vya Idi na begi kalipakata, tukakaa jeti tangu alasiri mpaka yaadhiniwa magharibi, kumbe babake yuko Malindi angoja mimi nimpeleke. Mtoto akaniuliza, "Mama, leo nalala kwa nani?" Sikuwa na jibu, mpaka leo nikipita pale roho yanisukuma.

Tukaandika upya. Wakati wa shule yuko na mimi, wikendi tuliziacha maana njia ya Garsen ni masaa na mtoto atachoka bure. Agosti yote ni ya babake, Aprili na Disemba nusu kwa nusu. Idi ya mfunguo mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, kwangu, ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja, kwake, mwaka wa pili twabadilishana. Babake aja mwenyewe jeti ya Mokowe saa tatu asubuhi, Nuru hapandi basi na utingo, na kila siku baada ya magharibi aongea na yule asiyekuwa naye. Karo na hospitali tuliandika pia nani alipa nini.

Na wako muulize mwenyewe, pole pole, bila babake wala bibi zake kuwepo.

Nitumie tarehe za shule na za madrasa kabla hujatia saini kitu. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije, tukae tuandike pamoja.

Mwenzako, mama Nuru