Hesabu ya mita kati ya lori na baiskeli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu ugomvi unaozuka kila alfajiri katika Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, hasa kipande cha kutoka Pugu hadi Uwanja wa Ndege, kati ya madereva wa magari makubwa na waendesha baiskeli wanaoteremsha mkaa mjini. Nadhani ninayo haki ya kuusemea kwa sababu nimekaa pande zote mbili. Nilishika usukani wa malori kwa miaka 22, sehemu kubwa nikibeba mizigo ya bandarini, na tangu niache kazi hiyo naendesha baiskeli kwenda Buguruni na kurudi karibu kila siku.

Lawama ya kwanza ya madereva ni kwamba baiskeli inakaa katikati ya njia kana kwamba imelipiwa ushuru. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mkono ukiwa haubanduki kwenye honi, wala sikuwahi kujiuliza mtu yule nilitaka akae wapi. Nilipolazimika kujiuliza nilichukua futi kamba. Usukani wa baiskeli ya kawaida una upana wa sentimita 60 hivi, lakini magunia mawili ya mkaa yakishafungwa kwenye keria, mzigo wote hufika mita moja bila taabu. Kontena lina upana wa mita 2.44, na lori linalolibeba linakaribia mita mbili na nusu, vioo vya pembeni nikiviacha nje ya hesabu ingawa ndivyo vinavyopiga watu mabegani. Hata tukiipa njia moja ya barabara upana wa mita tatu na nusu, lori likishaingia hubaki mita moja tu, yaani upana wa yale magunia, lori na baiskeli vikiwa vimegusana. Hakuna lori, basi, linaloweza kuipita baiskeli ya mkaa ndani ya njia moja bila kuisukuma nje ya lami. Dereva hana budi kuhamia njia ya pili, au kungoja mpaka njia hiyo iwe wazi. Na kwa kuwa ni lazima ahame, mwendesha baiskeli aliyekaa katikati hajamnyima dereva huyo kitu chochote, isipokuwa kishawishi cha kujipenyeza.

Wenzangu wa malori watasema kwamba baiskeli inaweza kuteremka pembeni ikapisha. Ningependa waione hiyo pembeni kwa macho ya mtu aliye juu ya baiskeli. Mahali pengi ukingo wa lami umeliwa na maji ya mvua, na kutoka juu ya lami hadi chini kwenye mchanga kuna kina cha shubiri nzima. Baiskeli tupu inaweza kuruka kina hicho kwa bahati. Yenye mzigo hulala. Kurudi juu ni kubaya zaidi, kwa sababu tairi la mbele hukwama kwenye ule ukingo, usukani hujipinda, na mtu huangushwa upande wa barabara, palipo na magurudumu. Kuna pia upepo, ambao dereva hawezi kuujua kwa kuwa uko nje ya kabini yake: lori likikupita kwa karibu hukusukuma kwanza kuelekea mchangani, halafu trela linapomalizika kupita hukuvuta kuelekea katikati, na katika sekunde hiyo ya kuvutwa ndipo gari linalofuata linapofika.

Niliwahi kufanya kosa hilo mimi mwenyewe. Nilikuwa natoka bandarini na kontena, nikampigia honi mzee mmoja nikiwa nimeshamkaribia mno. Akashtuka, akaingia mchangani, akajaribu kurudi, akaangukia upande wangu. Niliona katika kioo kofia yake ya kufuma ikizunguka juu ya lami nyuma ya magurudumu ya trela, halafu nikamwona mwenyewe anainuka. Sikusimama. Nilijiambia kuwa nina haraka ya kushusha mzigo, na kwa siku kadhaa niliwasimulia utingo na madereva wenzangu kisa hicho kama mfano wa ujinga wa watu wa baiskeli. Siku hizi najua kwamba honi ile, niliyoipiga nikimaanisha kuwa nipo na ninapita, masikioni mwake ilikuwa amri ya kuondoka barabarani, na hakuwa na pa kuondokea. Honi fupi ikipigwa mbali humpa mtu nafasi ya kujiweka sawa, lakini ile ya kupigwa mgongoni ndiyo inayomwangusha.

Sitaki wasomaji wadhani kwamba nimewasahau wenzangu wapya. Wapo wanaotoka Pugu saa kumi alfajiri bila taa wala kipande cha utepe unaoakisi mwanga, wakiwa wamevaa nguo nyeusi kwa masizi ya mkaa. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva anayeiona baiskeli ikiwa mita 20 mbele yake huwa amekwisha kuzimaliza nyingi za mita hizo kabla mguu haujaigusa breki. Wapo wanaoendesha kinyume na uelekeo wa magari ili wasiende mbali kutafuta pa kuvukia, jambo ambalo naliona kuwa hatari kuliko yote. Wapo pia ambao breki zao zimekwisha na huteremka mlima wa Pugu wakikandamiza tairi la nyuma kwa soli ya kandambili. Haya yote ni makosa na yanapaswa kukemewa. Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaoyaweka kwenye mizani moja na makosa ya dereva, kwa sababu mtu wa kandambili akikosea anajiua mwenyewe, na dereva akikosea anamuua mwingine kisha anakwenda kuandika maelezo kituoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni watembea kwa miguu, wa pikipiki na wa baiskeli, yaani wasio na bati la kuwakinga.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kila dereva anajua kuwa akipita kwenye makazi kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa atapigwa tochi. Lakini nimewauliza madereva wengi, vijana na wazee, ni nafasi kiasi gani inatakiwa kuachwa unapoipita baiskeli, na hakuna hata mmoja aliyenitajia kipimo. Wote wamenijibu kwamba ni nafasi ya kutosha. Kutosha kwa nani? Ufaransa imeandika kipimo hicho kwa mita: mita moja mjini, na mita moja na nusu nje ya mji. Ujerumani tangu mwaka 2020 inadai mita moja na nusu mjini na mita mbili nje ya mji. Sioni kwa nini kipimo kama hicho kisiandikwe katika kanuni zetu, kikafundishwa katika vyuo vya udereva, na kikaulizwa katika mtihani wa leseni, kwa kuwa trafiki hawezi kumkamata mtu kwa kukiuka neno "kutosha".

Dereva atalalamika kwamba anacheleweshwa. Baiskeli ya mzigo huenda kilomita 15 kwa saa, kwa hiyo kuifuata kwa mita 100 huchukua sekunde 24. Kwa kilomita 50 kwa saa umbali huo huchukua sekunde saba. Anachopoteza ni sekunde 17, naye akifika makutano ya TAZARA atakaa kwenye foleni kwa muda mrefu kuliko huo hata kabla hajaliona daraja.

Kuhusu njia maalumu za baiskeli sitasema mengi, maana tulizipata katika Barabara ya Morogoro pamoja na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, na anayepita huko anazikuta zimejaa bodaboda, magari yaliyoegeshwa na meza za biashara. Awamu ya tatu ya mradi huo inaifuata barabara hii hii ya kwetu hadi Gongo la Mboto. Wahandisi wakumbuke kupima upana wa magunia ya mkaa, si wa baiskeli ya dukani, na waweke nguzo za kuzuia magari.

Wakati tukiisubiri kanuni, wenye malori wanaweza kuwaagiza madereva wao wiki hii hii kwamba baiskeli yenye mzigo ihesabiwe kuwa gari, na isipitwe ila kwa kuhama njia yote. Atakayeona kuwa vipimo vyangu nimevikuza anikaribie hapa Gongo la Mboto alfajiri yoyote, aje na lori lake. Futi kamba ninayo.

Dereva mstaafu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam