Kamera ya nyuma ya pikapu imezima? Usikimbilie kununua nyingine kabla hujapima

Wiki haiishi bila mtu kuingia hapa gereji na pikapu, anashuka kiboksi mkononi, kamera mpya kabisa kanunua Kariakoo, anasema fundi nifungie hii, ya kiwandani imekufa. Sawa, tunafunga, ndo kazi yetu hiyo. Ila swali letu la kwanza huwa ni moja na wengine linawaudhi: nani kakwambia imekufa?

Iko hivi. Kwenye pikapu kamera inakaa kwenye mlango wa nyuma wa bodi, mara nyingi jirani na kitasa. Sasa huo mlango hauna siku ya kupumzika, leo umepakia saruji, kesho mabati, vijana wanaushusha kwa kishindo, mwingine kaukalia anakula chipsi. Waya wa kamera unapita palepale mlango unapojikunja, kwa hiyo kila ukifungua unapinda na ukifunga unapinda tena, miaka inaenda, mwisho shaba inakatika ndani kwa ndani huku ganda la nje liko zima kabisa na ukiliangalia unaapa halina shida. Ongeza na hewa yetu ya chumvi hapa Dar, ukifungua soketi unakuta pini zimeota ukijani. Kamera haina kosa lolote hapo, inasubiri umeme tu.

Kuna kaka mmoja ana Hilux anasambazia vinywaji, alibadilishiwa kamera mara mbili sehemu nyingine kabla ya kuja kwetu. Ya kwanza ilifanya kazi siku chache ikazima, akaambiwa umeuziwa feki, akanunua ya pili ya bei zaidi, nayo ikaonyesha picha mpaka siku alipopakia kreti, basi giza. Alivyofika tukamwambia hebu weka rivasi, mmoja wetu akaenda nyuma akawa anautikisa mlango taratibu. Picha ikaja, ikakata, ikaja. Jamaa akacheka kwa hasira. Tulibadilisha waya kipande cha kama futi mbili hivi, tukaupitisha kwenye bomba laini na kuuachia ulegevu kidogo, na ile kamera yake ya kwanza aliyoitupa kwenye droo ya gari ndo inayofanya kazi mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela jaribu hivi mwenyewe, haihitaji ufundi. Washa swichi, weka gea ya rivasi, angalia skrini. Kama skrini haibadiliki kabisa, imebaki kwenye redio au ramani, shida inaweza isiwe kamera, redio, yaani kile kifaa chenye skrini, haijapata taarifa kwamba gari liko kwenye rivasi. Mwambie mtu aangalie taa za rivasi nyuma. Kama nazo haziwaki nenda kwenye fyuzi, au swichi ya rivasi iliyo kwenye gia boksi. Kama skrini inabadilika na ile mistari ya rangi inatokea ila nyuma yake ni giza, hapo redio iko salama, maana kwenye gari nyingi ile mistari inachorwa na redio yenyewe, tafuta kwenye kamera au waya. Picha ikiwa na ukungu kama kioo cha gari asubuhi ya Iringa, maji yameingia kwenye lenzi, hiyo kamera ndo imekufa kweli, usihangaike nayo. Hii ya ukungu tunaiona sana kwa magari yanayooshwa na presha, jamaa wa kuosha anasogeza bomba mpaka karibu kabisa na lenzi utadhani anaosha tope la mwaka mzima, na mpira wa kuzuia maji ulishakauka kwa jua zamani.

Ukifika kwetu tunafungua soketi ya kamera tunapima kwa mita. Na hapa ndo pana kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mafundi wengine pia, na kinaunguza kamera kila siku: kamera nyingi za kiwandani za Toyota hazitumii volti 12, zinatumia 6. Redio ndo inazipa hizo 6. Sasa fundi anakuja anaona kamera haina picha, anaamua kuijaribu kwa umeme wa taa ya rivasi, 12 hizo, na injini ikiwa inaunguruma zinafika 14. Kama ilikuwa nzima, sasa imekufa kihalali. Na kinyume chake, unachukua kamera ya dukani ya volti 12 unaichomeka kwenye waya wa kiwandani wenye 6, haiwaki au inawaka picha inatetemeka, unaambiwa kamera feki kumbe ina njaa.

Njia yetu kwa Toyota ni kwamba kama kuna kamera ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, inayokubali volti 6 na ina soketi ileile, tunachomeka tu. Kama ni kamera ya jumla, umeme tunachukua kwenye taa ya rivasi na kupitisha fyuzi ndogo, zile waya mbili za video ndo tunaziunganisha na za gari, ule wa volti 6 tunaufunga mwisho tunauacha upumzike. Yote hiyo tunafanya kwa kiunganishi, hatukati soketi ya gari. Zamani tulikuwa tunakata, tusidanganyane, mpaka siku mteja aliporudi na kamera ya orijino aliyoletewa na ndugu yake akitaka irudishwe ilivyokuwa na sisi soketi tulishaitupa. Tulimlipa. Toka siku hiyo mkasi hauingii kwenye waya wa kiwandani.

Swali jingine tunaloulizwa sana, fundi hii kamera imeandikwa HD, picha kali, kwa nini kwenye gari langu inaleta giza? Kwa sababu redio ya kiwandani ya gari la miaka ya nyuma inasubiri video ya kizamani, ile ya plagi ya njano kama ya deki ya DVD, wakati kamera nyingi za siku hizi zinatoa AHD, video ya kisasa yenye picha kali, ni lugha mbili tofauti. Na hata hiyo ya kizamani ina makabila yake, NTSC ya Japan na PAL ya huku. Wakubwa mnakumbuka, ukileta deki ya Japan ukaichomeka kwenye tivii ya huku picha inapanda kama lifti, au inakuwa nyeusi na nyeupe, ni ugomvi uleule. Kamera nyingi zina kikawaya kidogo kilichokunjwa au kitufe cha kubadilisha, ila lazima usome karatasi yake, rangi za hivyo vikawaya hazifanani kampuni na kampuni. Tumeona mtu kakata vikawaya viwili, na kile cha kugeuza picha kikiwemo, akapata picha iliyogeuzwa, kulia kukawa kushoto. Kamera ya nyuma inatakiwa igeuze picha kama kioo, ya mbele haitakiwi. Ukifungiwa ya mbele nyuma unaweza kugonga ukuta huku unaamini unaukwepa.

Gari mpya zaidi, hasa pikapu za miaka ya karibuni zenye skrini kubwa, baadhi yake video inasafiri kidijitali na kompyuta ya gari inaijua kamera yake, ukiweka ngeni inakataa au inaleta ujumbe wa hitilafu. Hapo hatukudanganyi. Ama utafute ya orijino, hata ya mtumba iliyotoka kwenye gari kama lako, namba ya spea ikiwa ileile, ama uweke kamera na skrini yake pembeni, ile ya kuvaa juu ya kioo cha ndani, skrini ya gari uiache na kazi zake nyingine. Sio mbaya kama watu wanavyofikiri, ukizoea unasahau.

Sasa mistari. Hili nalisema kwa kila mteja hata kama ana haraka. Mistari ya gari lako ilipimwa kwa lenzi ya kiwandani, kwa urefu wake na mwinamo wake. Ukiweka kamera nyingine yenye jicho pana zaidi, mistari inabaki palepale lakini dunia iliyo nyuma yake imebadilika. Lenzi pana inafanya vitu vionekane viko mbali. Mstari mwekundu unakwambia bado una mita, kumbe bampa ishagusa bodaboda ya watu. Af kamera za dukani nyingi zina mistari yake zenyewe, ikikutana na ya redio skrini inakuwa kama daftari la hesabu, hiyo ya kamera tunaizima. Kisha tunaweka ndoo mita moja nyuma ya bampa, na nyingine mita mbili, tunakukalisha kwenye usukani tunakwambia angalia ndoo imekaa wapi kwenye skrini, hiyo ndo mita yako mpya. Inachukua dakika 5. Kuna wateja wanaona kama utani wa ndoo, wanaondoka kabla. Shauri yao.

Kuhusu ubora, usihesabu vitaa vya kuzunguka lenzi, vingine ni plastiki nyeupe ya urembo haiwaki chochote. Kamera ikiandikwa IP67 maana yake vumbi haliingii na inaweza kukaa ndani ya maji ya mita moja kwa nusu saa, ila hiyo haimaanishi inahimili bomba la presha, ya kuhimili hiyo ni IP69K, na kama pikapu yako inaoshwa kila Jumamosi utaona tofauti. Sema kwenye boksi kila mtu anaweza kuandika anachotaka, ndo maana tunaijaribu mezani kwanza, tunaimwagia maji huku inafanya kazi. Zile zisizotumia waya hatuzipendi kwenye pikapu, mtuwie radhi wauzaji wake, waya wa umeme bado unatakiwa nyuma kwa hiyo hujaokoa kitu, na picha inachelewa kidogo, na kidogo hicho kinatosha kumkanyaga kuku.

Wa malori, Fuso, Scania na wenzake: umeme wenu ni 24, kamera ya pikapu ikionja hizo inanuka moshi saa hiyohiyo. Tuna za volti 9 mpaka 36 zenye soketi ya kukaza kwa nati. Wa Canter tunapima kwanza, zipo za 12 na za 24, usiamini jina.

Naona watu wanauliza kwa nini siku hizi kila gari linakuja na kamera. Ni sheria za wenzetu, Marekani walilazimisha kwa magari mapya mepesi kuanzia Mei 2018, Japan nao wakadai kifaa cha kuonyesha nyuma, kamera au sensa, wakaanza na modeli mpya Mei 2022, na sisi gari zetu nyingi zinatoka Japan, kwa hiyo mtumba mwingi wa miaka ijayo utakuja na kamera na hii kazi itaongezeka, hatulalamiki.

Kuipima tu haizidi nusu saa, kubadilisha inaweza kula nusu siku kama waya wa kwenye mlango nao umeoza. Njoo asubuhi, na tafadhali bosi bodi iwe tupu, juzi tumeletewa pikapu ina mifuko ya mkaa mpaka juu, mlango haufunguki, tukaanza kwa kushusha mkaa. Kama umeshanunua kamera yako ilete na boksi lake na ile karatasi ya ndani, hiyo karatasi watu wanaitupa na ndo yenye siri ya vile vikawaya.