Kwa nini hatuharakishi mayai: joto la maji na jeni za vifaranga wa samaki

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mbona vifaranga wenu wanachelewa?" Mteja ameshajaza bwawa, chakula amenunua, na kila siku inayopita anaihesabu kuwa hasara. Tunamwelewa. Tungeweza kupandisha joto kwenye matangi na mayai yakaanguliwa mapema, ila hatufanyi hivyo, na sababu haionekani kwa macho unapohesabu samaki kwenye mfuko. Imo ndani ya seli zao.

Samaki tunaowafuga hawajipashi joto wenyewe. Maji yakiwa nyuzi 22 za Selsiasi, moyo, ini na ubongo wa kifaranga navyo viko kwenye nyuzi 22. Kiinitete cha kuku kina mama wa kukilalia, lakini cha samaki kiko peke yake ndani ya maji, na maji yakibadilika kinabadilika nayo papo hapo.

Kinachobadilika kwanza ni kasi. Mfano unaojulikana vizuri ni wa samaki pundamilia, Danio rerio, anayefugwa kwenye maabara dunia nzima. Kiwango chake cha kawaida ni nyuzi 28.5. Hatua ya ukuaji anayoifikia kwa saa 24 kwenye joto hilo humchukua karibu saa 30 kwenye nyuzi 25. Wafugaji wa samaki wa maji baridi hupiga hesabu ya siku-nyuzi, yaani idadi ya siku mara joto la maji. Mayai ya samoni wa Atlantiki huanguliwa yakikaribia siku-nyuzi 500, ambazo ni kama siku 50 kwenye nyuzi 10, au siku 100 kwenye nyuzi 5.

Ukiishia hapo utadhani joto ni kama mafuta ya gari: kanyaga zaidi, ufike mapema. Tatizo ni kwamba kazi za mwilini haziongezi kasi kwa kiwango kimoja. Kugawanyika kwa seli kunakwenda mbio, kutumika kwa kiini cha yai kunakwenda kwa mwendo wake, na kujengeka kwa uti wa mgongo kuna ratiba nyingine tena. Vikipishana sana, kifaranga huanguliwa akiwa mdogo, au mgongo ukiwa umepinda. Kwenye samoni jambo hili limethibitika kiasi kwamba wazalishaji hujitahidi mayai yasivuke nyuzi 8, kwa kuogopa kilema cha pingili za mgongo ambacho huonekana miezi mingi baadaye, samaki akiwa ameshakula chakula cha kutosha.

Sasa tuje kwenye jeni. Kila seli ya kifaranga ina jeni zote za samaki yule, kama fundi aliye na zana zake zote sandukuni. Seli ya jicho haihitaji zana za seli ya ini, kwa hiyo katika kila seli jeni fulani zimewashwa na nyingine zimezimwa, na mpangilio huo hubadilika saa kwa saa kiinitete kinapokua. Jeni inapowashwa, seli hunakili maelekezo yake na kutengeneza protini. Joto la maji lina mkono wake katika kuamua ipi iwashwe, lini, na kwa kiasi gani.

Njia inayoeleweka vizuri zaidi ni ile ya dharura. Protini nyingi hufanya kazi zikiwa zimekunjwa kwa umbo maalumu, na joto likizidi zinaanza kukunjuka. Seli ina protini walinzi ambazo kazi yake ni kuzishika na kuzirudisha kwenye umbo. Siku za kawaida baadhi ya walinzi hao huwa wamemshikilia mjumbe aitwaye HSF1, asifanye lolote. Joto likipanda ghafla, walinzi wanamwacha wakaokoe protini zilizoharibika. HSF1 aliyeachiwa anajiunga na wenzake watatu watatu, wanakamata DNA, ule uzi unaobeba jeni, na jeni za walinzi zaidi, kama hsp70, zinawashwa kwa nguvu. Ni mfumo ambao kila nikiusoma upya naustaajabia: uharibifu wenyewe ndio unaopiga king'ora.

Lakini kuna saa ambazo king'ora hakilii. Mwanzoni kabisa, baada ya yai kurutubishwa, kiinitete hakijaanza kutumia jeni zake. Kinaishi kwa maelekezo aliyoyaacha mama ndani ya yai. Kwa samaki pundamilia jeni zake mwenyewe huanza kuamka takriban saa 3 baada ya kurutubishwa. Kabla ya hapo hawezi kuwasha jeni za dharura ipasavyo, na joto linalompata linampata bila kinga. Ndiyo maana kwetu zile saa za kwanza mayai hayaguswi na mtu: hakuna kuhamisha mayai, hakuna kubadilisha maji, na anayesimamia zamu hasinzii.

Usiku mmoja kifaa cha kupasha maji kilikwama, hakikujizima. Tulipogundua alfajiri maji yalikuwa yamepanda sana, na mayai ya jioni ile yalikuwa ndani. Mengi yaliendelea kukua na kwa macho yalikuwa mazuri. Hatukuyauza. Mteja aliyekuwa akiyasubiri alikasirika, na ilikuwa haki yake, kwa sababu tulimkwamisha. Tangu siku ile kila tangi lina vipimajoto viwili, kimoja juu na kimoja chini, na kengele inayojitegemea isiyounganishwa na kifaa cha kupasha.

Kwa wanaofuga perege, suala la jinsia ndilo linalogusa mfuko moja kwa moja. Madume hukua haraka kuliko majike, na bwawa lenye mchanganyiko hujaa vitoto kabla samaki hawajafikia uzito wa kuuza. Jinsia ya perege wa Nile hutegemea kromosomu, yaani vifurushi vya DNA ndani ya seli: XX kwa jike na XY kwa dume, lakini joto linaweza kuupindua uamuzi huo. Vifaranga wenye XX wakikaa kwenye maji ya nyuzi 34 hadi 36 kuanzia karibu siku ya 10 baada ya yai kurutubishwa, kwa siku 10 au zaidi, sehemu yao huwa madume.

Kiungo cha kati hapo ni kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Tezi ya uzazi ya samaki mchanga ikipata estrojeni ya kutosha inakuwa ovari, kiungo cha kutengeneza mayai. Joto kali huipunguzia nguvu jeni ya aromatesi, cyp19a1a, estrojeni inapungua, na tezi inafuata njia ya korodani. Hili halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1981 David Conover na Boyd Kynard walionyesha kwamba jinsia ya samaki mdogo wa Atlantiki, Menidia menidia, huathiriwa na joto analokulia akiwa bado lava, yaani mchanga aliyetoka kuanguliwa: baridi huleta majike wengi, joto huleta madume wengi. Samaki wa Amerika Kusini aitwaye pejerrey huenda mbali zaidi, kwani kwenye nyuzi 17 wote huwa majike na kwenye nyuzi 29 wote huwa madume.

Swali linalofuata ni jinsi gani mwili unakumbuka. Joto la siku chache limepita, maji yamerudi kawaida, kwa nini jeni isiwake tena? Jibu moja lilichapishwa mwaka 2011 na watafiti wa Hispania waliochunguza samaki wa baharini aitwaye Dicentrarchus labrax. Walitazama eneo la DNA linaloiwashia jeni ya aromatesi, wakahesabu alama ndogo za kikemia zinazoitwa methili, ambazo zikijaa jeni huzimika. Madume wachanga walikuwa nazo takriban mara mbili ya majike. Na majike waliolelewa kwenye maji ya moto zaidi walikuwa na alama nyingi kuliko majike wa maji baridi. Joto lilikuwa limeacha kufuli kwenye jeni, na kufuli hilo lilibaki baada ya joto kuondoka.

Basi wateja hutuuliza: kama ni hivyo, kwa nini msipashe maji mkapata madume watupu, mkaachana na homoni zinazochanganywa kwenye chakula ili vifaranga wawe madume? Tumelifikiria sana, na msimamo wetu ni huu. Usikivu kwa joto hutofautiana kati ya familia moja ya perege na nyingine, na tofauti hiyo hurithiwa. Wazazi hawa watakupa madume wengi kwenye nyuzi 36, wazazi wale watakupa nusu kwa nusu kana kwamba hujafanya kitu. Zaidi ya hapo, nyuzi 36 ziko karibu na mpaka wa uhai wa kifaranga: wengine hufa na wengine hupata vilema. Asiye na kumbukumbu za kila familia ya wazazi na akakuahidi "madume watupu kwa joto tu" anakuahidi asichokijua.

Misuli nayo ina historia yake. Kwenye utafiti mmoja wa samoni wa Atlantiki, mayai yaliwekwa kwenye nyuzi 2, 5, 8 na 10 mpaka macho yalipoonekana, kisha wote wakalelewa katika mazingira yale yale. Walipokua wakubwa, waliotoka kwenye nyuzi 5 ndio waliokuwa na nyuzinyuzi nyingi zaidi za misuli. Kwa samaki pundamilia joto bora lilikuwa nyuzi 26, likiyashinda 22 na 31. Kwa hiyo baridi zaidi haimaanishi bora zaidi. Kila aina ina kiwango chake, na kiwango hicho kikikosewa wakati wa yai, chakula kizuri cha baadaye hakiongezi nyuzinyuzi ambazo hazikuwekewa msingi.

Hii ndiyo sababu ukinunua kwetu unapewa karatasi ya joto: tarehe ya kurutubishwa, joto la asubuhi na la usiku kwa kila siku, na idadi ya waliokufa. Mzalishaji yeyote unayenunua kwake, muombe karatasi kama hiyo. Angalia tofauti ya usiku na mchana kuliko unavyoangalia wastani, maana nyuzi 28 za wastani zinaweza kuwa 24 usiku na 32 mchana.

Kwako pia kuna kazi. Pima joto la bwawa alfajiri na alasiri, kwenye kina wanachokaa vifaranga, kwa siku kadhaa kabla ya kuja kuchukua, utuletee namba hizo. Tutalisogeza joto la tangi taratibu liwe karibu na la kwako, tusiache tofauti ivuke nyuzi 2. Kumbuka pia kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: maji yasiyo na chumvi yakijaa oksijeni hubeba takriban miligramu 9.1 kwa lita kwenye nyuzi 20, lakini 7.5 tu kwenye nyuzi 30, huku kifaranga aliyepata joto akihitaji oksijeni zaidi. Safiri saa za ubaridi. Ukifika, uweke mfuko kwenye maji ya bwawa ukiwa umefungwa, uelee mpaka joto lilingane, kisha ongeza maji ya bwawa ndani kidogo kidogo kabla ya kuwaachia watoke wenyewe.

Karatasi ya joto hufungwa juu ya kila mfuko. Ukiufungua mzigo usiikute, tupigie kabla hujawaachia vifaranga bwawani.