Chupa moja, salamanda wawili

Kibokoni, Mombasa
14 Juni 2025

Ndugu yangu Idrisa,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, natumai wewe na jamaa zako hamjambo huko Dar es Salaam. Sisi huku ni wazima, ila kusi imeshika na madirisha ya ghorofani hayatulii usiku kucha. Barua yako nimeipata, na nilicheka sana uliponiuliza ni pepo gani aliyempanda mtu wa Mvita hata akeshe akihesabu vidole vya wanyama wa nchi za watu. Nitakujibu, kisha nina ombi, kwa hivyo usiiache barua hii katikati.

Salamanda kwa umbo ni kama mjusi aliyevishwa ngozi ya chura. Duniani wako wa spishi zaidi ya 800, lakini kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Katika Afrika nzima utawakuta Moroko, Algeria na Tunisia tu. Mama alichungulia picha zangu juzi, akasema, "Huyu mjusi kafiri, tena aliyeoza," na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kazi yenyewe ni hii. Jumba moja la makumbusho la ng'ambo, ambalo sitalitaja kwa kuwa nitakayoyasema si ya kulisifu, limenitumia picha za salamanda wake wa karne ya 19 pamoja na kurasa za daftari la kupokelea vielelezo, ili nihakikishe kwamba kila chupa yenye lebo nyekundu inastahili lebo hiyo. Mtaalamu anapoipa spishi jina jipya siku hizi, huteua mnyama mmoja aitwaye holotaipu, na jina lile hubaki limefungwa kwake milele; ikizuka shaka baadaye juu ya spishi ile ni ipi hasa, hurejewa mnyama yule ndani ya chupa yake. Watu wa zamani hawakujibana hivyo. Waliweza kuieleza spishi kwa wanyama wawili au kumi bila kuchagua, na hao wote kwa pamoja huitwa sintaipu, mpaka atokee mtafiti amteue mmoja wao katika maandishi yaliyochapishwa. Mtunzaji akiandika "holotaipu" kwa wino mwekundu juu ya chupa, hajateua chochote. Amepamba chupa tu.

Usidhani kuwa huu ni ubishi wa maneno. Mwaka 1924 Edward Boulenger alimpa jina salamanda mkubwa aliyetoka Hong Kong, ambaye aliishi miaka mingi katika bustani ya wanyama ya London na ambaye sasa amehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya viumbe ya mji huo huo. Wataalamu waliokuja baadaye walimwona kuwa ni salamanda mkubwa wa China wa kawaida, na jina alilopewa na Boulenger, sligoi, likawekwa kando. Mwaka 2019 watafiti walipima DNA ya vielelezo vya kale vya makumbusho wakaonyesha kuwa wale wanyama wa China si spishi moja, na kwa kuwa mnyama wa Boulenger alikuwapo bado, akijulikana ni yupi na ametoka wapi, jina lake la zamani liliweza kufufuliwa badala ya kubuniwa jipya. Lau lebo yake ingehamia chupa nyingine, wangelifufua jina juu ya mnyama asiye wake.

Na hili la "nchi za watu" lina jibu pia. Arthur Loveridge, aliyefika Nairobi mwaka 1914 kusimamia makumbusho, alihamia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1924, na miaka mitano baadaye yeye na Thomas Barbour wakachapisha orodha ya vielelezo vya namna hii, vinavyobeba majina ya spishi, vilivyokuwa huko, salamanda wakiwamo. Ni Loveridge huyo huyo aliyempa jina, mwaka 1935, yule mnyama wa milima ya Taita asiye na miguu, ambaye wengi humdhania ni nyungunyungu mkubwa. Ikiwa mtu aliyeketi Massachusetts aliweza kuamua majina ya wanyama wa Taita, sioni ajabu mtu wa Kibokoni kuwapima wa kwao.

Sasa nije kwenye chupa inayoninyima usingizi. Ina lebo nyekundu moja, yenye neno holotaipu kwa umoja, na ndani yake mna salamanda wawili. Maelezo ya kwanza ya spishi, yaliyochapishwa kwa Kijerumani, yanamzungumzia mnyama kana kwamba alikuwa mmoja na yanatoa kipimo kimoja tu, urefu wa inchi 4 na mistari 3, mstari ukiwa sehemu ya 12 ya inchi. Ikiwa mwandishi alikuwa na mnyama mmoja, basi huyo ndiye holotaipu, na mwenzake alitiwa chupani baadaye na mtu aliyetaka kuokoa nafasi. Lakini ni yupi? Wa kwanza, kwa kipimo kilichopigwa picha pamoja naye, ana milimita 113 kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Wa pili ana 108 na nusu. Ncha ya mkia wa huyu wa pili ina rangi iliyofifia kuliko sehemu nyingine, jambo linaloonyesha kuwa ulikatika ukaota tena, lakini hilo halimponzi, maana uliota akiwa hai, kabla ya mtu yeyote kumpima. Mkia wa kuogopa ni ule uliovunjikia chupani, na hapa hakuna.

Tatizo ni inchi. Inchi ya Paris, waliyoipenda wataalamu wengi wa wakati ule, ni milimita 27.07, na kwa hiyo mnyama angekuwa na milimita 115. Inchi ya Rhein iliyotumika Prussia ni milimita 26.15, na kwa hiyo angekuwa na 111. Wanyama hawa waliingizwa moja kwa moja katika spiriti, kwa kuwa formalini haikuanza kutumika katika makumbusho mpaka miaka ya 1890, na spiriti kwa kawaida humkunja mnyama, haimrefushi. Kwa inchi ya Paris nitamshika wa kwanza, aliyepungua milimita mbili. Kwa ile ya Rhein wa kwanza ni mrefu mno, na nitamshika wa pili. Idadi ya mifereji ya ubavuni ingenisaidia, lakini wote wawili wanayo sawasawa. Nimeihesabu mara nne.

Ombi langu ndilo hili. Katika daftari, mbele ya kipimo hicho hicho, kuna neno lililofupishwa kwa ule mwandiko wa Kijerumani wa kale ambao wewe unausoma kila siku katika hati za wakati wa Wajerumani. Wino umesambaa kwa unyevu. Linaweza kuwa Par., linaweza kuwa Rh., na nimelitazama hata sasa linaonekana kuwa chochote ninachotaka. Nimekutumia picha mbili, moja ya ukurasa mzima ili uone jinsi mwandishi alivyoziunda herufi zake mahali pengine, na nyingine ya neno lenyewe. Sikuambii mimi nasoma nini, nisije nikakutia neno mdomoni. Ukishindwa, niandikie kuwa umeshindwa, nami nitaiandikia chupa hii kwamba mwenye jina hajathibitishwa, lebo nyekundu ikabaki na alama ya kuuliza.

Nisalimie watoto, na umwambie shemeji kwamba achari yake ilifika salama.

Nduguyo,
Mbarak